Mkarafuu wenye mizizi ya ukili

Kila anayesimama mbele ya picha hii huniuliza swali moja: mbona mizizi imesukwa? Mti wenyewe haumpi mtu taabu. Mpemba anaujua mkarafuu hata ukimchorea kivuli chake tu. Lakini akishusha macho hukuta kili tano, ile mikanda ya majani ya mkindu inayosukwa kwa ajili ya mikeka, zinazama udongoni badala ya mizizi, na ya tano ncha zake zimefumuka. Leo nataka kueleza nilichokusudia.

Msingi wa picha ni aya ya 24 na ya 25 za Sura Ibrahim. Mwenyezi Mungu analifananisha neno jema na mti mzuri, mzizi wake imara na matawi yake mbinguni, unaotoa matunda yake kila wakati kwa idhini ya Mola wake. Wafasiri wengi wamesema mti huo ni mtende. Nimechora mkarafuu, wala si kwa kuwapinga. Mtende ulikuwa mbele ya macho ya watu wa Hijazi, na ulio mbele ya macho yetu ni huu. Tena mkarafuu asili yake si hapa. Umetoka visiwa vya Maluku, ukaanza kupandwa kwetu mwanzoni mwa karne ya 19. Kimbunga cha 1872 kiliifyeka mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Mti uliovuka bahari ukashika mzizi, na leo hakuna anayeuita mgeni. Habari ya watu wangu ni hiyo hiyo.

Tunayo shajara ya ukoo, yaani orodha ya nasaba yetu. Ami yangu ndiye anayeihifadhi, imeandikwa kwa mkono, fulani bin fulani bin fulani. Nilipoisoma niliona majina ya wanaume watupu. Ndiyo kawaida ya nasaba na siilaumu. Ila Sura An-Nisaa, katika aya yake ya kwanza, inataja nafsi moja na mwenzake aliyeumbwa kutokana nayo, kisha inatuusia arham, yaani undugu wa matumbo. Tumbo ni la mama. Basi nikamwendea mama yangu nikamwomba anitajie wanawake.

Akamtaja mama yake. Akamtaja bibi yake. Hapo akanyamaza. Aliyefuata, bibi yake bibi yangu, aliletwa Pemba akiwa mtumwa, akachuma karafuu za watu, akawa huru baada ya amri ya 1897 iliyoondoa hadhi ya utumwa Unguja na Pemba. Jina alilokuja nalo halikubaki kwa mtu yeyote. Kwetu habari hii ilisemwa kwa sauti ya chini, na mimi nimeijua nikiwa mtu mzima mwenye watoto. Naisema hapa kwa idhini ya mama.

Kilichobaki kwake ni kazi ya mikono. Alikuwa msukaji. Alimfundisha binti yake, naye wake, hadi ikafika kwa mama yangu, na mimi nilijua kuchana ukindu kuwa chane nyembamba za kusukia kabla sijashika brashi. Asiyewahi kusuka hudhani mkeka husukwa ukiwa mzima. Sivyo. Husukwa ukili, mwembamba na mrefu, kisha ukashonwa ukingo kwa ukingo mpaka upana utimie. Mkeka ukiwa umeshonwa na mtu hodari, mshono hauuoni, na juu yake watu hukaa, hulala, husali. Nasaba ya upande wa kike naiona hivyo. Haisomwi mahali, lakini sote tumeketi juu yake. Ndiyo maana mizizi yangu ni kili: wangu, wa mama, wa bibi, wa mama yake bibi, na wa yule asiye na jina. Minne ina rangi za ukindu uliochemshwa, zambarau, kijani, nyekundu na nyeusi. Wake nimeuacha na weupe wa ukindu wenyewe.

Majina manne yameandikwa kwa masizi na sumughu, gundi ya mti, kama wino wa ubao wa chuo cha Kurani. Palipotakiwa jina lake nimeandika maneno mawili ya Sura Al-Balad, aya ya 13: *fakku raqaba*, kuifungua shingo, yaani kumwacha huru mtumwa. Wino wake ni zafarani na maji ya waridi, ule wa kombe. Kombe huandikwa ili lioshwe na linywewe, maneno yaingie mwilini, nami nilitaka awe ndani yetu namna hiyo. Zafarani hupauka ikipigwa na jua, kwa hiyo picha imewekwa mbali na dirisha.

Ami alipoiona alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Mwanangu, aya haiwekwi miguuni." Alisema kweli. Picha sikuibadilisha, ila nimeitundika juu, ukingo wake wa chini ukapita kimo cha mtu. Anayetaka kuitazama mizizi ainue uso.

Kuhusu pambizo, nimejifunza kwa maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani huko Unguja, ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107, ambayo herufi zake zinachipua majani. Ndege sikuweka wala mtu, kwa kuwa sichori chenye roho. Karafuu zote zimefumba, kama zinavyochumwa.

Mama alikuja wa mwisho. Akauliza kwa nini ukili wa tano haukufungwa, nikamwambia hatujui ulikoanzia. "Basi uache hivyo," akasema, "anayetaka kuunga huziacha chane nje." Kisha akanionyesha kwa kidole mahali ambapo chane mbili za ukili wake yeye zimepishana vibaya. Nimezirekebisha juzi.