Kuongezewa muda: maana yake kwa aliyeumia kazini akachelewa kudai

Kuli kaangukiwa na magunia ya korosho ghalani, Mtwara, mwezi wa Oktoba. Anakuja kuulizia haki yake Desemba ya mwaka unaofuata, mkono haunyooki mpaka leo. Anataka kusimulia alivyoumia. Anayemsikiliza anataka tarehe.

Kila dai lina ukomo wake. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 inamtaka mwajiri autaarifu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ndani ya siku 7 tangu apate habari za ajali. Miezi 12 ikipita bila taarifa yoyote, haki ya mafao iko hatarini. Kwa ugonjwa wa kazi hesabu huanza ugonjwa ulipobainika, na hilo linamfaa mbanguaji wa korosho ambaye viganja vyake vimeliwa na mafuta ya maganda kidogo kidogo bila siku moja ya kuitaja. Aliyeachishwa kazi isivyo halali baada ya kuumia ana mlango mwingine, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), na huko ana siku 30 tu.

Kuongezewa muda maana yake ni kupewa ruhusa ya kusikilizwa japo umechelewa. Kesi yenyewe bado haijaguswa. Ndiyo maana ukubwa wa jeraha hausaidii sana hapa, jambo ambalo huwaudhi wengi, na nawaelewa. Katika shauri la Lyamuya Construction, maombi ya madai namba 2 ya 2010, Mahakama ya Rufani ilitaja mambo yanayopimwa: mwombaji atoe hesabu ya muda wote aliochelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, na aonyeshe kwamba alikuwa anahangaika, hakuzembea. Hoja nzito ya kisheria, kama uharamu katika uamuzi unaopingwa, nayo huweza kutosha.

Hiyo hesabu ni ya siku kwa siku. Tuseme mtu kaachishwa kazi tarehe 1 Machi. Mwisho wake ni 31 Machi, yeye kafika Tume 20 Mei, kachelewa siku 50. Tarehe 1 hadi 25 Aprili alilazwa hospitali ya Ligula, na cheti cha kuruhusiwa anacho. Kuanzia 26 Aprili hadi 10 Mei alikuwa kwao Tandahimba akisafishwa kidonda zahanati, kadi ina mihuri. Hapo siku 40 zimepata maelezo. Zilizobaki 10? "Nilikuwa natafuta nauli." Pengine ni kweli tupu, lakini kwenye kiapo, yaani maelezo yake ya maandishi yanayobeba maombi, hakuna karatasi ya kuishikilia, na mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba hata siku moja lazima ielezwe.

Kutojua sheria hakukubaliwi kuwa sababu. Wala maneno ya bosi, "tulia, tutamalizana wenyewe." Hayo nadhani yameponza watu wengi kuliko ugonjwa. Mazungumzo hayasimamishi siku. Mnaongea huku zinakwenda. Zungumza naye, lakini fomu ya madai uwe umeshaipeleka.

Kuna jambo moja linalochanganya hata wasomi. Anayetaka kufungua kesi ya kawaida ya madai kwa madhara aliyopata ana miaka 3 chini ya Sheria ya Ukomo. Ikipita, hakimu hana uwezo wa kumwongezea. Uwezo huo, kwa sheria hiyo, anao kwenye rufaa na maombi. Wa kuongeza muda wa kufungua kesi ni Waziri mwenye dhamana ya sheria, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na hawezi kuvuka nusu ya muda uliowekwa. Kwa miaka 3, nyongeza haizidi miezi 18, na barua ya kuiomba haipelekwi kwa karani wa mahakama.