Degedege lenye homa: kwa nini kipimo cha malaria peke yake hakitoshi

Si kila degedege ni ugonjwa wa ubongo. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 anaweza kukakamaa na kurusha mikono na miguu kwa sababu ya homa tu. Degedege la namna hiyo hukoma kabla ya dakika 15, halirudi siku ileile, na muda si mrefu mtoto anamtambua mama yake. La kutisha ni lile ambalo mtoto hazinduki: nusu saa imepita, ukimwita haitiki, ukimfinya hauondoi mkono. Lakini nyumbani hakuna awezaye kuyatofautisha kwa uhakika, kwa hiyo degedege lolote lenye homa ni safari ya zahanati au hospitali, hata kama ni saa nane za usiku.

Magonjwa mawili ndiyo tunayoyawazia kwanza. Kwenye malaria kali, vimelea vya Plasmodium falciparum hukaa ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzifanya zinate kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo. Damu inapita kwa shida, na ubongo unaweza kuvimba. Wakati huohuo sukari ya damu inashuka, na sukari ikishuka sana mtoto anaweza kufa hata kama dawa ya malaria imeanza kufanya kazi. Kwenye homa ya uti wa mgongo, bakteria hushambulia utando unaofunika ubongo. Mtoto mkubwa atalalamika kichwa na shingo itakaza. Mtoto mchanga hana dalili hizo za wazi: anakataa titi, analia kwa sauti kali isiyo ya kawaida, na utosi unatuna hata akiwa ametulia.

Hapa ndipo makosa yanapotokea. Kipimo cha haraka kikionyesha malaria, wengi wetu tunaridhika. Lakini katika ukanda kama Bagamoyo mtoto anaweza kuwa na vimelea kwenye damu na bado kinachomwangamiza kikawa kingine. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 kutoka Blantyre, Malawi, uliangalia watoto 31 waliofariki wakiwa na dalili zote za malaria ya ubongo. 7 kati yao walikuwa wameuawa na sababu nyingine. Ndiyo maana daktari anaomba kutoa maji ya mgongo, aone kama kuna homa ya uti wa mgongo.

Ombi hilo linakataliwa sana, na hofu yake tunaielewa: watu wanasema mtoto akichomwa mgongoni atapooza. Sindano hiyo inaingia chini kabisa ya mgongo, usawa wa mifupa ya nyonga, kati ya pingili na pingili, mahali ambapo uti wenyewe umeshaishia na kuna maji na nyuzi za neva zinazoelea. Yanachukuliwa matone machache. Maji ya mtu mwenye afya ni maangavu. Yakitoka na ukungu, bakteria wanashukiwa mara moja, ingawa hata yaliyo maangavu lazima yapimwe maabara. Mtoto akiwa anapumua kwa shida sana, au mboni za macho hazilingani, daktari ataahirisha kutoa maji, ila seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, itaanza palepale. Dawa haisubiri majibu.

Hofu nyingine ya pwani yetu ni kwamba mwenye degedege akipigwa sindano atakufa, basi kwanza apelekwe kwa mganga au afukizwe. Anayefikishwa hospitali akiwa ameshapoteza saa nyingi anaweza kufariki muda mfupi baada ya sindano, na sindano ndiyo inayolaumiwa. Kilichomuua ni zile saa. Moshi nao unamzidishia shida ya kupumua mtoto asiyejitambua.

Degedege likianza, mlaze mtoto kwa ubavu, mahali pasipo na kitu cha kumuumiza. Usimtie kijiko, kidole wala dawa mdomoni, na usimshikilie kwa nguvu. Tazama saa: likipita dakika 5 anahitaji dawa ya kulizima, ambayo ni kazi ya mhudumu. Akizinduka na kuweza kumeza, mnyonyeshe, au mpe maji ya sukari: vijiko 4 vya chai vilivyosawazishwa kwenye kikombe cha mililita 200 cha maji safi. Asiyejitambua asipewe chochote kwa mdomo. Kama uko Fukayosi au Makurunge na hospitali ni mbali, pitia zahanati iliyo karibu. Mtoto wa chini ya miaka 6 anaweza kuwekewa artesuneti, dawa ya malaria, ya njia ya haja kubwa kabla ya kusafirishwa, lakini hiyo ni ya kumvusha njiani tu.

Hospitalini artesuneti ya sindano hutolewa mtoto anapofika, kisha baada ya saa 12 na saa 24. Akiweza kumeza, anamalizia na dawa mseto kwa siku 3. Wazazi wengi huiacha dawa hiyo njiani kwa kuwa mtoto ameshaanza kucheza, na vimelea vilivyobaki vinarudi. Katika wiki 4 za mwanzo baada ya matibabu akipauka au mkojo ukawa mweusi kama kola, mrudishe apimwe damu. Aliyepona homa ya uti wa mgongo apimwe masikio ndani ya wiki hizohizo 4, kwa sababu bakteria hao huharibu usikivu, na mtoto mdogo hawezi kukwambia kwamba hasikii.