Yaliyosemwa barazani baada ya kumzika Bibi

Bibi yetu tulimzika Wete, Pemba, baada ya Alasiri, na hitima haijasomwa baraza lilishampa maisha mengine. Waliosema hawakuwa na ubaya. Wengi walimjua kwa jina moja tu, "mke wa mwanajeshi", na jina hilo hubeba dhana nyingi.

Iliyonikera zaidi: eti aliishi kwa mshahara wa jeshi. Hela ya Babu ilikuja, lakini kwa mwendo wake. Kilichotia chungu motoni ni mikarafuu tisa aliyorithi kwa mama yake, na ukili wa mikeka aliosuka usiku. Msimu ukifika, watoto wakubwa walipanda kuchuma, wadogo wakaokota zilizoanguka, na jioni nyumba nzima ilikaa kuchambua: karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, kule, maana makonyo nayo yana bei yake. Kisha kuanika. Wingu likitanda, hata kama wali uko jikoni, kila mtu mbio kwenye jamvi, kwani karafuu iliyolowa huharibika rangi na mnunuzi haoni haya kukwambia. Kazi hiyo aliisimamia yeye peke yake, mwaka baada ya mwaka, naye hakuna aliyempa cheo.

Dhana ya pili: Vita vya Kagera, Tanzania ilipopigana na Uganda ya Idi Amin, vilikuwa vya watu wa bara. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), lililoundwa Septemba 1, 1964, ni jeshi la Muungano, na Wazanzibari walikwenda mstari wa mbele. Nyerere alipotangaza Novemba 2, 1978 kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo, zilikuwepo nyumba Pemba ambamo hiyo "tu" ilikuwa na jina la mtu.

Tena wengine hudhani Kampala ilipoanguka, Aprili 11, 1979, wanaume walirudi makwao. Mapigano yaliendelea hadi Juni, na baadhi ya askari wetu walibaki Uganda hadi 1981. Babu alikuwa miongoni mwao. Mtoto aliyemwacha tumboni alimpokea mlangoni kwa adabu zote: "Shikamoo, mjomba."

Babu alipofariki, miaka mingi baadaye, yakaja ya eda, kipindi cha mjane kukaa baada ya kufiwa na mume. Walisema kizuka, yaani mjane aliye ndani ya eda, hukaa siku arubaini, hajitazami kiooni, hatoki hata akiumwa. Kwa sheria ya Kiislamu, eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na mwenye mimba ni mpaka ajifungue. Huacha mapambo na manukato, hulala nyumbani kwake, lakini kwenda hospitali hakukatazwi. Kioo hakimo kabisa. Bibi alikwenda kupimwa presha, akarudi, vinywa vikachoka vyenyewe.

Na mirathi? Wapo walioamini mjane huchukua nusu, na wapo walioamini hapati kitu. Kwa sheria hiyohiyo, marehemu akiacha watoto, mjane hupata thumni, yaani moja ya nane. Asipoacha mtoto, robo. Linalosahaulika ni kwamba kinachogawanywa ni mali ya marehemu tu, na mali ya mke ni ya mke. Mjomba mmoja alikuwa keshaiandika ile mikarafuu tisa kwenye karatasi pamoja na ng'ombe wa Babu. Bibi, akiwa ndani ya eda, hakutoka wala hakupaza sauti. Alimtuma mjukuu: "Mwambie mjomba wako ahesabu ng'ombe. Miti aje anihesabie mimi nikifa."