Maarifa Yaliyo Kiganjani mwa Mzee wa Kahawa

Juni na Julai, wakati baridi ya Mbozi, mkoani Songwe, Tanzania, imekaza, ndipo kahawa huiva kwa wingi. Kahawa iliyomenywa jioni huvundikwa kwenye tangi ili utelezi ulioshika punje ulegee. Muda wake haulingani siku zote: kukiwa na joto utelezi huachia mapema, kukiwa na baridi hukawia. Ukiwahi kuosha, utelezi unabaki na kahawa haikauki vizuri. Ukichelewa, inachacha mno, inanuka siki, na muonjaji anaishusha daraja.

Katika chama kimoja cha ushirika nilichokuwa nikikifundisha, aliyejua saa ya kuosha alikuwa mzee mmoja tu. Alichota konzi ya punje, akazisugua kiganjani. Zikikwaruza kama changarawe, tayari, zikiteleza, bado. Alipoacha kazi aliandika makabidhiano ya kurasa mbili: funguo, mashine, ratiba ya maji. Kuhusu tangi aliandika: osha baada ya saa 24. Kijana aliyempokea alifuata maandishi hayo katika wiki ya baridi kali, na kahawa ikaanikwa ikingali inateleza. Makabidhiano yale niliyapitia mimi, nikayakubali. Jambo hilo bado linaniuma.

Michael Polanyi, mwanasayansi na mwanafalsafa mzaliwa wa Hungaria, alilisema mwaka 1966: mtu anajua mengi kuliko anavyoweza kueleza. Mwaka 1995 Wajapani Ikujiro Nonaka na Hirotaka Takeuchi walieleza kwamba maarifa ya namna hii hupita kwanza kwa watu kufanya kazi pamoja. Maneno na maandishi hufuata.

Kwa hiyo mweke kijana pembeni ya tangi msimu mzima mzee angali kazini. Kijana asugue kwanza, aseme "bado" au "tayari", ndipo mzee naye asugue na kumweleza alichohisi. Hapo mzee mwenyewe hushtuka kugundua kwamba miaka yote alikuwa akipima pia harufu.

Kuna wanaoficha ujuzi, na siwalaumu. Mtu akiona kwamba akishafundisha ataambiwa hahitajiki, atanyamaza. Bodi ya chama imhakikishie nafasi yake, na kazi ya kufundisha ilipwe kama kazi.

Ofisi za umma hazina kisingizio kabisa. Kwa watumishi wengi umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60, kwa hiyo tarehe ya kuondoka inajulikana miaka mingi kabla. Hata hivyo tunaanza kuulizana wiki ya kuagana, keki ikiwa mezani.

Daftari lina kazi yake, likijazwa palepale kazini na aliyeshika punje. Siku hizi vijana wa chama kile huandika hivi: ukungu hadi saa nne asubuhi, saa ya 24 bado inateleza, saa ya 31 inakwaruza, tumeosha.