Dawa ya Thairoidi Haihukumiwi kwa Siku Kumi

Miezi ya karibuni kliniki imepokea malalamiko mengi kuhusu dawa za thairoidi, tezi ya shingoni inayotoa homoni za kuongoza kasi ya mwili, na karibu yote yanaanza kwa maneno mamoja: "Dawa imenikataa." Ukimuuliza mgonjwa ameitumia kwa muda gani, atakwambia siku kumi, pengine wiki mbili. Moyo ulienda mbio, au nywele zilianza kudondoka, au hakuona nafuu yoyote, akaiacha. Malalamiko hayo tunayachukua kwa uzito kwa sababu anayeyaleta anaumwa kweli. Lakini siku kumi hazitoshi kuihukumu dawa hii, na sababu zake zinaeleweka.

Kwanza tutenganishe dawa mbili ambazo watu huziita kwa jina moja, "dawa ya goita". Levothairoksini ni ya mtu ambaye tezi yake imepungukiwa nguvu au imeondolewa kwa upasuaji. Kabimazoli ni ya mtu ambaye tezi yake inatoa homoni kupita kiasi. Kazi zake zinapingana. Jirani akikugawia vidonge vyake kwa sababu naye "ana shingo", anaweza kukupa kinyume kabisa cha unachohitaji. Tafadhali msigawane dawa hizi.

Levothairoksini si kitu kigeni mwilini. Ni homoni ya T4, ileile ambayo tezi yenyewe huitengeneza, ila hii imetoka kiwandani. Ndiyo maana mengi yanayoitwa madhara ya dawa hii kwa kweli ni dalili za dozi kuwa kubwa mno au ndogo mno. Ikizidi, moyo hudunda kwa kasi, mikono hutetemeka, jasho hutoka bila kazi, usingizi hukatika, choo huwa laini na cha mara kwa mara, na mtu hukasirika haraka. Ikipungua, dalili za ugonjwa hubaki palepale: uchovu, baridi, choo kigumu, ngozi kavu, mawazo mazito. Mzio wa kweli ni nadra, na ukitokea mara nyingi unatokana na rangi au unga unaojazia kidonge. Mwambie mfamasia akutafutie cha kiwanda kingine.

Linalowashinda wengi ni kasi ya dawa hii. T4 hukaa mwilini muda mrefu: baada ya siku saba, nusu ya uliyomeza bado ipo. Kwa hiyo dozi mpya huchukua wiki sita hivi kufikia kiwango chake cha kudumu katika damu, na kuipima mapema kuliko hapo ni kupoteza damu yako bure. Kwa sababu hiyohiyo, anayeacha dawa leo hataona tofauti kesho wala keshokutwa. Anajisikia vizuri wiki nzima, anahitimisha kwamba hakuihitaji tangu mwanzo, na mwezi wa pili anarudi amevimba uso na hawezi kupanda ngazi. Ile wiki nzuri alikuwa anaishi kwa akiba ya vidonge alivyokwisha kumeza.

Mtu mzima asiye na maradhi ya moyo kwa kawaida huhitaji mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 60 anaangukia karibu na mikrogramu 100. Mzee, au mwenye ugonjwa wa moyo, huanzishwa mikrogramu 12.5 au 25 na kupandishwa kidogo kidogo kila baada ya wiki chache, kwa kuwa moyo uliozoea mwendo wa pole haupaswi kushtuliwa. Someni paketi kwa makini: viwanda vingine huandika miligramu. Miligramu 0.1 ni mikrogramu 100, na 0.05 ni mikrogramu 50. Namba hizo zikichanganywa, mtu humeza nusu ya dozi yake au maradufu kwa miezi.

Mapigo ya moyo kuongezeka kidogo katika wiki za mwanzo si ajabu kwa mtu ambaye mwili wake ulipoa kwa miaka. Badala ya kuhisi na kuogopa, hesabu. Kaa dakika tano, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, hesabu mapigo kwa dakika nzima, andika. Yakizidi 100 ukiwa umepumzika, au yakiwa hayana mpangilio, wasiliana na kliniki siku hiyo. Ukiwa na maumivu ya kifua au pumzi inakata, nenda hospitali moja kwa moja. Dozi iliyozidi kwa miaka si jambo dogo: huvuruga mdundo wa moyo na hupunguza uimara wa mifupa, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi.

Kuhusu nywele: zinaweza kudondoka zaidi katika miezi ya kwanza ya matibabu, kisha hutulia. Homoni iliyopungua huvuruga mzunguko wa ukuaji wa nywele, na unywele uliokwisha kulegea huanguka baadaye, wakati ambapo tayari uko kwenye dawa. Dawa inalaumiwa kwa kosa la ugonjwa. Kuhusu uzito, tuseme wazi: levothairoksini si dawa ya kukonda. Uzito unaotoka baada ya kutibiwa ni mdogo, na sehemu kubwa ni maji na chumvi vilivyokuwa vimejikusanya. Anayeinunua bila cheti ili apungue, ilhali tezi yake ni nzima, anauchosha moyo wake kwa makusudi. Hatuna lugha laini ya kulisema hili.

Namna ya kumeza

Hapa ndipo matibabu mengi yanapoharibika. Kidonge humezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa. Si kwa chai, si kwa maziwa, na hasa si kwa kahawa. Kahawa hupunguza kiasi kinachofyonzwa, na kinachobaki utumboni hakimfai mtu. Asubuhi zako zikiwa na vurugu, meza usiku kabla ya kulala, saa tatu au zaidi baada ya chakula cha mwisho. Chagua wakati mmoja na ushike huohuo.

Vidonge vya kalsiamu, vya madini ya chuma, na dawa za kiungulia zenye aluminiamu au magnesiamu huinasa levothairoksini tumboni na kupita nayo. Tenganisha kwa saa nne. Mjamzito aliyepewa vidonge vya kuongeza damu na akavimeza pamoja na cha thairoidi asubuhi, kwa mkono mmoja, ni kama hajameza dozi kamili ya thairoidi. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, nayo hupunguza ufyonzwaji kwa kuwa kidonge kinahitaji asidi ili kiyeyuke. Rifampisini ya kifua kikuu, na kabamazepini na fenitoini za kifafa, huongeza kasi ya mwili kuiteketeza homoni, hivyo dozi huenda ikabidi ipande. Kwa anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ni upande wa pili: thairoidi ikirekebishika, damu yake huwa nyepesi zaidi na vipimo vya kuganda vinapaswa kurudiwa mapema. Mwenye kisukari apime sukari mara nyingi zaidi katika wiki hizo. Orodha ya dawa zako zote, pamoja na za kujinunulia, ije nawe kila hudhurio.

Ukisahau asubuhi, meza siku hiyohiyo ukikumbuka. Siku ikishapita, endelea na ratiba. Usimeze viwili bila kuelekezwa. Hifadhi vidonge katika paketi yake, mahali pakavu, chini ya nyuzi joto 25, mbali na mwanga. Kuvikamua vyote na kuvitia kwenye kikopo juu ya sinki la bafu ni kuviharibu: unyevu na joto hupunguza nguvu yake huku rangi na umbo vikibaki vilevile. Usivunje kidonge kwa meno. Tumia kifaa cha kukatia, na nusu iliyobaki uimeze kesho yake, isikae wiki nzima.

Siku ya kipimo

Kipimo kikuu ni TSH, homoni ambayo ubongo huitumia kuiamrisha tezi. Maabara nyingi huhesabu 0.4 hadi 4.0 kuwa kawaida. TSH ikiwa juu, mwili unaomba homoni zaidi. Ikiwa chini, umepata kupita kiasi. Wapo wanaosoma karatasi yao kinyume, wakaona TSH ni 9, wakapunguza dozi wenyewe. Tunaomba sana: karatasi isomwe na aliyekupima.

Hudhurio huwa wiki sita hadi nane baada ya kuanza au kubadili dozi. Ikitulia, kila miezi sita, kisha mara moja kwa mwaka. Siku hiyo usimeze kidonge kabla ya kutolewa damu, kwa kuwa T4 hupanda kwa saa kadhaa baada ya kumeza. Uje nacho mfukoni. Vidonge vya urembo vya nywele na kucha vyenye biotini visimamishwe angalau siku mbili kabla, kwa sababu hupotosha mashine na kuonyesha ugonjwa usiokuwepo. Kiwanda cha dawa kikibadilika, sema. Tutarudia kipimo baada ya wiki sita.

Na wale wanaoruka dawa mwezi mzima kisha wanameza kwa bidii siku nne kabla ya kuja, vipimo vinawataja: T4 inakuwa nzuri huku TSH iko juu sana. Hatupandishi sauti kwa jambo hilo. Tatizo ni kwamba daktari asiyeambiwa ukweli ataongeza dozi, na ukianza kumeza sawasawa itakuzidi.

Kwa wanaotumia kabimazoli

Kabimazoli huzuia tezi kutengeneza homoni mpya, lakini haigusi ile iliyokwisha hifadhiwa ndani yake. Kwa hiyo nafuu huja baada ya wiki tatu hadi nane, hadi akiba iishe. Kwa wakati huo daktari huongeza propranololi kutuliza moyo na mikono. Mwenye pumu aseme kabla, dawa hiyo hubana kifua. TSH inaweza kubaki chini kwa miezi hata baada ya T4 kurudi sawa, na hilo pekee si dalili ya dawa kushindwa. Matibabu huchukua miezi 12 hadi 18, na karibu nusu ya wenye ugonjwa wa Graves, ambapo kinga ya mwili yenyewe huichochea tezi kupita kiasi, hurudiwa na tatizo baada ya kuacha.

Vipele na muwasho hutokea na mara nyingi hutulizwa kwa dawa ya mzio. Jambo la kuogopwa ni moja, nalo huwapata watu wachache, chini ya mmoja kwa kila mia: chembe nyeupe za damu zinazopigana na maambukizi hutoweka ghafla, kwa kawaida ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Ishara ni koo kuuma, homa, au vidonda mdomoni. Utaratibu ni huu. Acha kabimazoli papo hapo. Nenda ukapimwe picha kamili ya damu siku hiyohiyo, hata kama ni usiku au sikukuu, na utaje dawa unayotumia. Usimeze paracetamol ukasubiri kuona kama homa itashuka. Kipimo kizuri cha mwezi uliopita hakikukingi, kwa kuwa kushuka huku ni kwa ghafla. Majibu yakiwa mazuri utaruhusiwa kurudia. Chembe zikiwa zimetoweka, hutaitumia tena maisha yako yote, wala dawa ya jamii yake. Macho ya manjano na mkojo mweusi navyo ni sababu ya kuacha na kuja siku hiyo.

Ujauzito hubadili hesabu kwa dawa zote mbili. Kabimazoli inaweza kudhuru mtoto katika wiki za mwanzo. Hedhi ikichelewa, pima mimba na upige simu siku hiyo ili ubadilishiwe dawa. Usiache kimyakimya. Levothairoksini ni salama na haikatizwi hata siku moja, kwani mtoto hutegemea homoni ya mama katika miezi ya kwanza. Mahitaji hupanda kwa robo hivi, kwa hiyo waliokwisha elekezwa na daktari wao huanza vidonge tisa kwa wiki badala ya saba mara wajuapo ni wajawazito, kisha TSH hupimwa kila wiki nne hadi katikati ya ujauzito. Baada ya kujifungua hurudi dozi ya zamani, na damu hupimwa tena wiki ya sita.