Kutumika: neno la kwanza ninalompa mgeni anayekuja kukaa

Karibu kila mgeni anayeletwa kwangu Katuba, hapa Lubumbashi nchini Congo, kuanza masomo ya Kiswahili huja na sentensi moja mkononi. Wengine wameiandika kwenye daftari, wengine wameikariri ndani ya ndege mpaka inatua kwenye uwanja wa Luano: "Nimekuja kusaidia." Wanaitamka vizuri, na ukiwatazama usoni unaona wanaisema kwa moyo. Kazi yangu ya kwanza, kabla ya ngeli na kabla ya kuhesabu, ni kuwaomba waiweke kando.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na nne nikifundisha watu wanaokuja Lubumbashi kujitolea kwa mwaka mmoja, miwili au zaidi: wauguzi, walimu wa ufundi, wahasibu, watu wa kilimo. Nawaandikia wenzangu wanaowapokea wageni wa aina hii, na familia zinazowapa chumba, kwa sababu tunaulizana mara nyingi kwa nini huyu alizoea na yule akafunga sanduku mwezi wa tano. Mimi naona mengi huamuliwa katika wiki tatu za kwanza, na katika hizo, neno lina nguvu kuliko tunavyodhani.

Kwetu, mtu akikuambia "nisaidie" pale soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, anakuomba pesa. Basi mgeni akisimama mbele ya kartiye nzima, yaani mtaa, na kusema amekuja kusaidia, ametoa ahadi bila kujua. Siku ya tatu mlango unagongwa. Kijana amefukuzwa shule kwa sababu ya pesa za masomo. Mzee ana karatasi ya dawa. Mgeni anaanza kuogopa mlango wake mwenyewe, na moyoni anawaona majirani kuwa waombaji. Ninawatetea majirani hao kila mara: walisikia ahadi, wakaja kuifuata.

Badala yake ninawapa neno kutumika. Katika Kiswahili bora, kama tunavyokiita hapa kile cha vitabuni, kutumika mara nyingi ni kwa vitu: kisu kinatumika jikoni. Lubumbashi, kutumika ndiyo kufanya kazi. "Papa anatumika wapi?" "Anatumikaka ku hopitali." Hiyo -ka ya mwisho inaonyesha kwamba ni jambo la kila siku, na mgeni akiishika mapema watu humsikiliza kwa sikio lingine. Kwa hiyo sentensi ya kwanza ninayowafundisha ni fupi: "Nilikuya kutumika", nimekuja kufanya kazi. Hakuna anayegonga mlango kwa sababu yake. Watu wanauliza tu: unatumika wapi, na nani? Na hilo ndilo swali ambalo mgeni anapaswa kuwa na jibu lake.

Mwanafunzi wangu mmoja, muuguzi kutoka Ubelgiji, alirudi darasani jioni ya siku yake ya kwanza ya kazi akiwa kimya. Asubuhi alikuwa amejitambulisha kwa wenzake wa materniti, wodi ya wazazi, akaeleza kwamba yeye hana mshahara, anajitolea. Mama mmoja wa makamo, muuguzi wa zamu ya usiku aliyekuwa anavua koti lake aende nyumbani, akamshika mikono yote miwili akafurahi kweli: "Karibu! Na mimi pia. Mwaka wa tisa huu."

Hakuwa anamkejeli. Hospitali na shule zetu za serikali zina watu wengi ambao hawajawahi kuingizwa kwenye orodha ya mishahara. Kwa Kifaransa cha ofisini wanaitwa "nouvelles unités", yaani wapya, hata kama nywele zimeshaota mvi kazini. Muuguzi wa namna hiyo huishi kwa sehemu ndogo ya pesa wanazolipa wagonjwa. Wagonjwa wakipungua, naye anapungukiwa. Walimu wa shule za msingi nao waliishi miaka mingi kwa michango ya wazazi, hadi masomo ya msingi yalipofanywa bure kuanzia Septemba 2019. Ilikuwa furaha kubwa kwa wazazi, lakini mwalimu ambaye serikali haikuwa inamlipa alijikuta hana huku wala kule.

Tuongeze relé wa afya ya jamii, wale wanaopita nyumba kwa nyumba na kisanduku cha baridi wakati wa chanjo ya polio, na vijana wa Msalaba Mwekundu. Tuongeze salongo, kazi ya pamoja ya kufagia na kuzibua mitaro, ambayo kizazi cha wazazi wetu walikua nayo. Kujitolea hakukuja hapa kwa ndege. Mgeni anaingia katika mji ambao tayari umejaa watu wanaojitolea, wengi wao bila kuulizwa kama wanataka. Na yeye mwenyewe, tuseme ukweli, ana posho, ana bima, ana tiketi ya kurudi. Kwa Wafaransa, sheria ya 2005 inayosimamia watu wao wanaojitolea nje ya Ulaya inalazimisha shirika kuwapa posho na ulinzi wa afya. Ni jambo jema, na sitaki mtu yeyote aone aibu kwa hilo. Ninachotaka ni ajue hayo kabla ya kumwambia mwenzake wa zamu kwamba yeye ndiye anayejitolea.

Baba yangu alifundishwa hesabu na kijana wa Peace Corps, shirika la Wamarekani lililofanya kazi hapa tangu 1970, enzi za Zaire. Wengi wao walikuwa walimu, wengine walichimba mabwawa ya samaki pamoja na wakulima vijijini. Waliondoka 1991, mwaka wa uporaji: wanajeshi walianza Kinshasa mwezi Septemba, na Oktoba ukafika Lubumbashi. Nilipomuuliza baba anakumbuka nini kuhusu mwalimu yule, sikupata neno lolote la hesabu. Alisema: "Alikuwa anapanga mstari wa maji na sisi, na bidoni yake mwenyewe." Bidoni ni dumu la maji.

Ndiyo maana somo langu la siku ya pili halifanyiki darasani. Ninampeleka mgeni kwa mama anayeuza makala, yaani mkaa, pembeni mwa barabara, nampa franka chache, kisha narudi nyuma hatua kumi. Sharti ni moja: asitaje bei kabla ya salamu kuisha. Muuguzi yule alianza, "Jambo mama, mulilamuka?", yaani mmeamka, kwa wingi, kama tunavyosema na mtu mzima hapa hata akiwa peke yake. Mama akanyoosha mgongo. Akajibu, akauliza naye amelalaje, anakaa wapi, mama yake yuko hai? Yote haya yalichukua dakika tano, na vidole vyake vyeusi vya vumbi la makala vilikuwa bado havijagusa ndoo. Alipoijaza, alipanga vipande vikubwa chini, vidogo juu, akaitikisa ishuke, akaongeza konzi mbili bila kuombwa. Mgeni alilipa bei ambayo hata mimi ningelipa. Jioni alijifunza kuwasha mbabula, jiko la mkaa, kwa makala yale, akalia kwa moshi, na watoto wa nyumba wakamwonyesha upande wa kupepea.

Mambo ya mwili nayataja haraka kwa sababu wageni wengi hufika wameyasoma. Kadi ya njano ya homa ya manjano wawe nayo mkononi, na tangu 2016 chanjo moja inatosha kwa maisha. Homa yoyote kuanzia wiki ya pili ipimwe malaria siku hiyohiyo, hata kama mtu anameza kinga na kulala ndani ya chandarua. Na sweta! Wanakuja Juni na nguo za pwani, halafu usiku wa Julai hapa juu, karibu mita 1,200, wanatetemeka mpaka mama mwenye nyumba anawafunika kwa blanketi la watoto wake.

Chakula ninakisisitiza zaidi, kwa sababu hapo ndipo familia huumia kimya. Huku kwetu Katanga watu hula bukari, yaani ugali, ya mahindi, na sehemu kubwa ya unga huingia kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa. Kabla ya mavuno, hasa Januari hadi Machi, mfuko wa kilo 25 hupanda bei, na kuna nyumba zinazochanganya unga wa muhogo ili ufike mwisho wa mwezi. Mgeni hataona tofauti, kwa sababu sahani yake haitapunguzwa hata siku moja. Zitapunguzwa za wenyeji. Mwambieni mapema, ninyi mnaompokea. Asilete pesa mezani. Alete mfuko wa unga, aupitishe mlango wa jikoni, amkabidhi mama, basi.

Muuguzi wetu alipomaliza mwezi wa sita alipita kunisalimia akiwa njiani kwenda zamu, mfuko wa unga umefungwa nyuma ya pikipiki. Mtoto mmoja wa kartiye, ambaye hakuwa amemwona kabla, akapiga kelele "Muzungu!" Mama wa makala aligeuka akamkemea: "Nyamaza wewe. Huyu anatumikaka ku materniti, na dada yangu."