Kompyuta haijaukimbiza wimbo wako

Kazi yangu ni kuhamisha nyimbo za kaseti za zamani kwenda kwenye flashi kwa kompyuta, na wiki hii waliolalamika wamekuwa watatu. Mtu anapokea flashi yake, anaisikilizia hapahapa kibandani kwangu Mwanjelwa, Mbeya, wimbo haujafika hata kwenye kiitikio ameshakunja uso: "Fundi, kompyuta imeukimbiza wimbo wangu. Haukuwa hivi." Nimelijibu hili kwa mdomo miaka mingi. Sasa naliandika.

Kompyuta haikimbizi wimbo. Inapokea kinachotoka kwenye hedi, kile kichwa cha mashine kinachosoma utepe, basi. Hedi naisafisha kwa spiriti kabla ya kila kaseti, belti ni mpya, na utepe unapita kwa mwendo uliopangiwa kaseti zote duniani, sentimita 4.76 kwa sekunde. 

Iliyokuwa na mwendo wake yenyewe ni redio ya kwenu. Kumbuka ilivyokuwa: mawe, yaani betri, yakichoka yanaanikwa juani, yanarudishwa, yanasukuma siku mbili tatu zaidi. Kurudisha utepe nyuma ni kwa peni, ili mawe yasiishe. Belti nayo ilishalegea. Redio ya namna hiyo inavuta utepe polepole, na sauti inashuka pamoja na mwendo. Mwendo ukipungua kwa asilimia 6 tu, wimbo mzima umeshuka nusu toni. Gita linakuwa zito, mwimbaji anazeeka. Ukiusikia hivyo kila jioni ukiwa na miaka 16, huo ndio unaokaa moyoni. Leo unaletewa wenye mwendo wake halali, unaona umekimbizwa.

Ila wapo mafundi wenzangu wanaoishia hapo na kusema mteja hukosea siku zote. Hilo linaniudhi kuliko hata malalamiko ya wateja. Kama redio hiyohiyo yenye mawe yaliyochoka ndiyo iliyorekodi, mambo yanageuka: utepe uliandikwa ukienda polepole, kwa hiyo kwenye mashine nzima wimbo unakimbia kweli. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe anasikika kama kijana ambaye sauti haijavunjika, na yeye alifariki Januari 1979, hatuwezi kumrudisha studio atuimbie upya. Hapo mteja ana haki kabisa. Kaseti nyingi zinazonifikia kutoka Rungwe na Kyela zilirekodiwa hewani, Radio Tanzania Dar es Salaam ikipiga, redio moja imeelekezwa kwa nyingine. Kisha jirani akanakili, na jirani wa jirani, kila redio ikiweka kosa lake juu ya kosa la mwenzake.

Nitajuaje basi? Natafuta mvumo wa umeme, ule unaoingia kwenye kaseti redio ikiwa imechomekwa ukutani. Umeme wetu ni hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde. Nikiukuta mvumo kwenye hezi 53, najua wimbo umekimbia kwa asilimia 6. Lakini nyumba nyingi hazikuwa na umeme, na pasipo umeme hakuna mvumo. Gita halinisaidii, maana nyuzi hukazwa popote bendi inapotaka. Saksafoni inasaidia kidogo, maana yenyewe haikazwi ovyo kama nyuzi. Baada ya hapo nimebaki na sikio, na sikio langu nalo limelelewa na redio ya mawe.

Mwezi wa saba alikuja mama mmoja kutoka Tukuyu na kaseti ya marehemu mumewe. Nyuma ya wimbo mvua inapiga mabati, mtoto anakohoa. Nikasahihisha mwendo, nikaipunguza ile mvua. Akasikiliza, kajifunika vitenge viwili kwa baridi, akasema, "Baba, huyu simfahamu. Na mvua umeipeleka wapi?"

Nikairudisha mvua. Nikashusha mwendo kidogo kidogo, yeye kainua mkono, mpaka akauteremsha. Akaanza kuimba sauti ya pili, ikakaa sawasawa na ya mwimbaji. Mtoto anayekohoa, akaniambia, ndiye aliyempandisha gari asubuhi ile.

Kwa kipimo, tulikuwa nje kwa asilimia 5. Tangu siku hiyo sina uhakika tena kama kazi yangu ni kusahihisha. Nilimwekea wimbo huo mara mbili kwenye flashi, uliosahihishwa na ule wa kwake, na sasa kila mteja nampa hivyo.

Kwa hiyo ukileta kaseti, usinitajie mwaka na bendi tu. Niambie redio ilikuwa ya mawe au ya umeme, nani alirekodi, mlikuwa mnasikilizia wapi. Na kama redio yenyewe bado ipo, hata iliyokufa, njoo nayo niione belti yake.